Mkwe Aliyekaa Nyuma ya Boti

Mimi kusamehe sijui, na wala sifichi. Ustadhi wetu hapa Tukuyu ameshaniombea dua mara nyingi, nami huitikia amina, lakini nikitoka mlangoni kinyongo changu nakikuta kinanisubiri pamoja na kandambili zangu. Kwa hiyo habari hii ya Atuganile msiitegemee kuwa ya upole. Anayetaka upole akatafute kwingine.

Naitwa Mwantum, wengi wananiita Mama Yussuph, nauza chai na chapati karibu na stendi. Atuganile alifika kwangu asubuhi moja ya mvua, na mvua ya Tukuyu ikianza haina adabu. Alikuwa amelowa, hana hata kanga ya kubadilisha. Akanywa chai, akakaa. Wateja wakaisha, yeye amekaa tu. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unamsubiri nani?"

Akasema, "Sina wa kumsubiri, dada. Mume wangu wanamzika leo."

Niliacha unga mikononi, nikakaa chini. Mwanamke anazikiwa mume, na yeye yuko stendi anakunywa chai ya mtu asiyemjua. Nikajua hapo kuna mtu amefanya ushenzi, na kabla sijaambiwa jina lake nikaanza kumchukia.

Mtu huyo ni Mzee Hezron, baba mkwe wake, wa kijiji kimoja upande wa Ikuti. Sasa hapa nieleze kidogo, maana wa mbali hawatanielewa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Si kwamba wamegombana, ndiyo heshima yenyewe. Mwanamke akisikia baba mkwe anakohoa njiani, anaacha njia, anaingia migombani mpaka mzee apite. Hasemi akasikika naye, jina lake halitaji, chumba kimoja hawakai. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa wote kanisani na hakuna anayedondoka. Lakini Mzee Hezron aliishika mila hiyo kuliko alivyoishika Biblia yake. Atuganile aliolewa na mwanawe Ambindwile, akakaa pale uani kwa miaka, akampikia mzee, akamfulia, akamtekea maji ya kunawa na kuyaacha mlangoni. Na mzee hakuwahi kuiona sura yake wala kuisikia sauti yake. Hata njia alikuwa na yake ya nyuma, kanjia kembamba ka kupenya migomba, ili asikutane naye.

Ambindwile alikufia mtoni. Ilikuwa masika, Mto Kiwira umejaa mpaka unanguruma. Mzee Hezron alikuwa amenunua dume la ng'ombe ng'ambo ya pili, akataka lije siku ileile, kwa sababu kesho yake kulikuwa na sherehe ya kipaimara na yeye alishajigamba kwa watu. Ambindwile akamwambia, baba, lile daraja la magogo linatikisika, tungoje maji yapungue. Mzee akamjibu, "Mwanamume gani anaogopa maji?" Atuganile aliyasikia hayo akiwa jikoni, nyuma ya ukuta. Kijana akaenda. Daraja likaenda naye, wakamwokota chini kwenye maji yaliyotulia, nyuma ya jiwe kubwa.

Sasa sikieni ushenzi. Ukoo ulipokusanyika, mzee akasimama akasema mwanawe ameuawa na mke, kwamba mwanamke amekwenda kwa mganga akamfunga kijana miguu asiweze kuvuka. Atuganile yuko jikoni anasikia. Atajibuje? Akitoka akafungua kinywa mbele ya baba mkwe, watasema mnaona, hana adabu, mchawi huyo. Akinyamaza, watasema amekubali. Alinyamaza. Wakamtoa kwa njia yake ileile ya nyuma, jeneza halijafika, hakutupa hata konzi moja ya udongo.

Nilimwambia twende polisi, twende kwa mtendaji, twende kwa mchungaji, mimi Mwislamu nitaingia hata kanisani nikaseme. Akakataa. "Dada, nataka vitu viwili tu," alisema. "Aseme mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemtuma. Halafu nikasimame kwenye kaburi la mume wangu mchana, watu wakiniona." Sikumsikia akitaka kitu kingine tena. Mimi nilikuwa nataka vingi zaidi, lakini msiba haukuwa wangu.

Akawa anasaidia kukanda chapati, na siku za mapumziko anashuka mtoni kutazama maji. Nilidhani anataka kujitupa, nikawa namfuata kwa siri nikijificha kwenye mashamba ya chai kama mwizi. Ndipo alipokutana na Godwin. Godwin ni kijana wa hapahapa Tukuyu, alifanya kazi miaka mingi Jinja kule Uganda, ya kuwapitisha wageni kwenye maji makali kwa maboti ya mpira. Alirudi na maboti mawili na kichwa kimejaa ndoto, anatafuta waongozaji wasioogopa maji. Atuganile akamwambia yeye anayaogopa sana, lakini anataka kujua yanafanyaje. Godwin akacheka, akamchukua. Alimfundisha kuogelea Ziwa Masoko, kisha akamshusha Kiwira. Mikono iliyokuwa inakanda unga ikawa inakata maji, na Godwin akamwita Kapteni, jina likamganda.

Sasa Godwin hakuweza kuanza biashara bila vijiji vinavyopakana na mto kukubali. Wazee walikuwa wanasema ataukasirisha mto, atawazamisha watoto wa watu. Akaamua kuwaalika wajionee wenyewe. Wapande boti, washuke kipande kifupi kisicho na balaa kubwa, kisha wale wali na nyama. Nyama ilikuwa juu yangu, ndiyo maana nilikuwepo. Na kati ya wazee wanne waliokuja, ambao kupanda kitu kile ilikuwa mara yao ya kwanza, mmoja alikuwa ni yeye.

Atuganile alikuwa anajaza boti upepo. Mzee mmoja akakohoa kule juu njiani. Nikaona mkono wa Atuganile umesimama kwenye pampu, na mguu wake mmoja umeshaondoka kuelekea kwenye vichaka. Mwili ulikuwa unakimbia wenyewe. Akaurudisha mguu ule mahali pake.

"Dada," akaninong'oneza, "ndiye huyo."

"Yupi?"

"Mwenye kofia ya pama. Sura siijui, ndiyo kwanza naiona. Namjua kikohozi na mgongo."

Nikamwambia, "Leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Mtie mtoni."

Ndiyo, nilisema. Na ningesema tena. Yeye akakaza mkanda wa helmeti yake, na uso wake ulikuwa umetulia kiasi cha kunitisha. Kusema mtie mtoni ni jambo moja, kumwona mdogo wako akifungwa gereza la Ruanda ni jambo lingine. Nikamkabidhi mpishi mwenzangu sufuria, nikaenda kwa Godwin, nikamwambia nami napanda. Mimi, ambaye maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni.

Atuganile akatupanga mstari, akatufundisha. Akisema mbele, piga kasia mbele. Akisema nyuma, rudisha. Akisema chini, jitupe ndani ya boti na ushike kamba. Ukianguka, lala chali, miguu mbele, usipigane na maji. Akapita akikaza majaketi ya kuokolea, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mzee Hezron akavuta mikanda yake kwa nguvu, na mzee akamtazama usoni, macho kwa macho, akatabasamu. Hakumjua. Angemjuaje?

"Binti una mikono wewe," mzee akasema. "Wewe wa kwa nani?"

"Wa Tukuyu, mzee," akajibu, na hiyo ikawa mara ya kwanza mzee kuisikia sauti yake.

Kwenye boti, abiria wanakaa mbele wametazama mto, mwongozaji anakaa nyuma kabisa na kasia lake. Basi baba mkwe mbele kabisa, mkwe nyuma kabisa, mmoja amempa mwenzake mgongo. Ningekuwa na nafasi ya kucheka ningecheka. Sikuwa nayo, kwa sababu mto ulitushika palepale na kututupa kwenye maji meupe, nami nikaanza kusoma kila sura ninayoijua, nikachanganya za mwanzo na za mwisho. Maji yananiingia mdomoni, boti linainuka, linakunjika, linashuka. Mzee Amoni, mzee wa kanisa aliyekaa kando yangu, alikuwa anaimba tenzi na kasia amelikumbatia.

"Mbele, wazee, mbele!" Atuganile alikuwa anaamrisha kutoka nyuma. Na wale wazee, ambao nyumbani hata maji ya kunywa wanaletewa, wakapiga kasia. Mzee Hezron peke yake aliganda, ameshika kamba kwa mikono miwili.

"Wewe mwenye kofia," Atuganile akasema. "Mwanamume gani anaogopa maji?"

Mgongo wa mzee ukakakamaa. Nadhani aliyatambua maneno yake, hakujua tu yametokea wapi. Akachukua kasia, akapiga.

Tukatoka kwenye makali, na Atuganile akalizungusha boti nyuma ya jiwe kubwa, palipo na maji yaliyotulia. Mimi nikajua tumefika wapi. Waongozaji wana desturi wakifika mahali kama hapo wanawapa wageni hadithi ya mto, huku watu wanavuta pumzi. Akaanza, sauti ya kawaida kabisa.

"Hapa aliokotwa kijana mmoja. Alikuwa mkulima wa ndizi, mpole, anajua kucheka. Alitumwa kuvuka mto umejaa, akasema maji ni mengi, aliyemtuma hakumsikiliza."

Mzee Hezron hakugeuka. "Nani kakuambia alitumwa?" akauliza. "Huyo alikuwa mwanangu. Aliuawa na mke wake. Mwanamke mbaya yule, kimya kimya kama nyoka. Binti, nikuambie kweli, mwanangu angeoa mtu kama wewe, mwenye akili na mikono, leo angekuwa hai."

Wallahi! Nilitaka kumvua kofia nimpige nayo. Lakini Atuganile aliuliza polepole, "Huyo mke, mzee, ulikuwa unamwona?"

"Nitamwonaje? Mkwe hatazamwi."

Nikasikia kifungo cha helmeti kikifunguka nyuma yangu.

"Basi geuka, tata," akasema, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Umeshanitazama tangu asubuhi. Mimi ndiye nkamwana wako, mke wa mwanao. Ndimi Atuganile."

Mzee akageuka. Akamwona akiwa kichwa wazi, nywele zimelowa, macho yamemkazia. Na hapo akafanya jambo ambalo mtu wa kabila lingine hawezi kulifanya hata kwa kulipwa. Aliinuka, akampisha. Mkwe yuko njiani, mzee akatoka njiani, kama vile yuko kijijini na pembeni kuna migomba. Pembeni palikuwa na Kiwira. Akaingia mzima mzima na kofia yake.

Jaketi likamwinua, lakini alikuwa ameshatoka kwenye maji ya jiwe, mkondo unamvuta kuelekea makali yanayofuata. Atuganile akarusha kamba, ikamfikia kifuani, akaishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa amejifunika nao uso. Maji yanamla, na bado anamheshimu mkwe.

Kamba ikakaza. Atuganile hakuivuta.

"Vuta, binti," Mzee Amoni akasema. "Vuta, mtu anakufa."

Mimi nilisema, "Mwache."

Atuganile hakututazama sote wawili. "Tata," akaita, "nani alimtuma Ambindwile?"

Mzee akameza maji, akakohoa kile kikohozi chake.

"Toa mkono usoni. Nani alimtuma?"

Akatoa mkono. "Mimi," akasema.

"Hawakusikii wazee wenzako."

"Nilimtuma mimi! Aliniambia maji ni mengi, nikamwita mwoga. Mwanamke hana kosa. Ni mimi."

Wazee watatu waligeuka kumtazama. Makasia yao yalikuwa magotini. Mbele ya watu, alisema, na watu wale walikuwa watu wa kutosha. Atuganile akaivuta kamba, mkono baada ya mkono, mpaka mzee akafika ubavuni mwa boti. Hapo mzee akaanza kulia na kuomba. "Usinishike, mwanangu. Usinishike wewe. Amoni, nishike wewe." Mzee Amoni akajaribu, lakini mtu aliyelowa ni gunia la mchanga, akamshinda.

Kumtoa mtu majini kuna namna yake moja tu. Unamshika mabega ya jaketi, unajitupa chali, naye anakuja juu yako. Atuganile akamshika, akajitupa. Mzee Hezron akaangukia kifuani kwa mkwe wake, pua kwa pua, wakakaa hivyo mpaka alipopata nguvu ya kujiviringisha pembeni. Wazee wote walikuwa wametazama miti ya ng'ambo. Mimi nilitazama, nikatazama vizuri, nisije nikasimuliwa.

Ufukweni nyama yangu ililiwa kidogo sana siku ile. Mzee Amoni akasema kwamba mambo yaliyoonekana hayawezi kufunikwa. Kwa mila, mkwe akishikana na baba mkwe, lazima ng'ombe atoke kwa mzee aende kwa mwanamke, na sababu ya ng'ombe huyo isemwe mbele ya ukoo wote. Mzee Hezron aliyekuwa anaijua mila kuliko wote akainamisha kichwa. Mungu si Athumani. Fimbo yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia.

Siku ya ukoo nilikwenda naye. Nilivaa kanga yangu iliyoandikwa Malipo ni Hapahapa Duniani, na nilivaa makusudi, maandishi yakae nyuma yasomeke nikipita. Atuganile alipita njia kubwa ya mbele, katikati ya watu, na mzee alikuwa kwenye kiti chake barazani. Akasema tena yale aliyoyasema mtoni, safari hii bila maji mdomoni. Kina mama waliomtoa Atuganile siku ile walikuwa wanajikuna shingo. Dume likaletwa, zuri, limenona.

"Ng'ombe abaki," Atuganile akasema. "Nionyeshe kaburi."

Mzee akatuongoza nyuma ya nyumba. Kaburi la saruji lilikuwa kati ya migomba, halijapaliwa vizuri. Atuganile akasimama. Akatazama upande huu wa kaburi, akatazama upande ule, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona midomo yake inatetemeka.

"Tata, kwa nini mlimzika hapa?"

"Palikuwa wazi," mzee akasema. "Hapakuwa na mgomba. Udongo umekanyagika, sijui na nini."

"Na miguu yangu," akasema. "Hii ndiyo njia niliyokuwa napita nisikutane nawe."

Mzee akaitazama ardhi. Hakuwa anajua pana njia. Miaka yote ile maji ya kunawa yalikuwa yanamfikia mlangoni, na hakuwahi kujiuliza yanapita wapi. Akaanza kulia, mtu mzima, kofia mkononi. Wengine walimwonea huruma. Mimi hapana, nilikuwa nasubiri kama kuna zaidi.

Atuganile akachota udongo, akautupa juu ya saruji, ukalia kama mvua ndogo. Akakaa na mumewe kadiri alivyotaka. Kisha akainuka, akajipangusa magoti.

"Njia yangu mmeiziba," akamwambia mzee. "Kuanzia leo nitapita mbele. Nikija usiinuke, na usigeuze uso."

Anakwenda kila Jumapili baada ya ibada. Nimemsindikiza mara kadhaa, sitaki kukosa. Mzee yupo kwenye kiti chake, anakohoa akimwona kwa mbali, miguu inataka kumwinua, anaizuia. Atuganile anasimama mbele yake, anasema, "Ugonile, tata." Anaitikiwa. Halafu anamtazama, anamtazama tu mpaka mzee ainamishe macho, ndipo anapita kwenda kaburini.